Uzi: Mashine ya msasa ya ngoma – kuifunga, kuipima na kuitumia bila kuunguza mbao wala kujiumiza

#1 pima_mara_mbili

Wakuu, maswali ya mashine hii yanajitokeza kila mara kwenye nyuzi za mambo mengine, na majibu yanapotelea humo humo. Tuyakusanye hapa. Ninayoizungumzia ni ile yenye ngoma iliyoviringishiwa utepe wa msasa juu, mkanda wa kupeleka mbao chini, na rola mbili za kukandamiza, moja mbele ya ngoma na nyingine nyuma yake.

Kwanza tuelewane: hii si mashine ya kuranda. Kisu cha randa kinakata na kutupa maranda. Punje ya msasa inakwangua, na kila inachokwangua kinageuka vumbi na joto. Joto hilo linabaki kwenye mbao, kwenye msasa, na kwenye gundi inayoshika punje. Kwa hiyo kabla hujailaumu mota au msasa wa bei rahisi, angalia umeshusha ngoma kiasi gani. Kwa mbao ngumu ya upana wa sm 30 hivi, mimi sivuki hapa kwa kila mpito mmoja (namba ni ya msasa: ikiwa ndogo, punje ni kubwa):

namba 60: mm 0.5
namba 80: mm 0.3 hadi 0.4
namba 120: mm 0.2
namba 150 na 180: mm 0.1 au pungufu

Mbao nyembamba inavumilia zaidi kidogo. Pana zaidi, punguza. Kwenye mashine nyingi ndogo, mzunguko mmoja kamili wa mkono wa kushushia ngoma ni mm 1.6, kwa hiyo robo mzunguko ni mm 0.4 na nusu ya robo ni 0.2. Usilichukue hilo kama amri. Zungusha mara moja kamili na upime mwenyewe nafasi imebadilika kiasi gani. Skrubu ya kushushia ina ulegevu, hivyo ukipita kipimo usirudishe kidogo tu. Rudisha nusu mzunguko, kisha shuka tena taratibu mpaka pale unapotaka. Siku zote malizia kwa mwelekeo wa kukaribiana na mbao.

Kabla ya kugusa ngoma kwa jambo lolote, chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

#2 Mbao Kavu

Uzi mzuri mkuu. Naongezea upande wa hatari, maana watu wanaiona mashine imefunikwa wanadhani ni mpole.

Sehemu ya chini ya ngoma inazunguka kinyume na mwendo wa mbao. Mkanda unapeleka mbao mbele, ngoma inaisukuma irudi kwako. Kinachozuia isirudi ni zile rola mbili na mshiko wa mkanda, basi. Siku rola zisipoishika, mbao inatoka kwa kasi upande ule ule ulioiingizia. Kwa hiyo:

Simama pembeni ya mstari wa mbao, usisimame nyuma yake.

Usipitishe kipande kifupi kuliko nafasi kati ya rola mbili. Kuna mashine ndogo ambazo kitabu chake kinaruhusu kipande cha mm 60, nyingine zinataka kirefu zaidi. Soma cha kwako.

Usipitishe vipande viwili vyenye unene tofauti kwa wakati mmoja, ubavu kwa ubavu. Rola itakaa juu ya kile kinene, chembamba kitabaki hakijakandamizwa, na hicho ndicho kitakachoruka. Kosa hili linafanywa hata na mafundi wazoefu kwa sababu linaonekana ni kuokoa muda.

Vidole visiwe chini ya mbao inapoanza kushikwa na mkanda. Rola ikikanyaga, mbao inalala ghafla na kidole kinabaki katikati ya mbao na meza. Shika mbao kwa ubavuni, iachie mara tu mkanda unapoichukua. Glovu hapana, mikono ya shati mirefu iliyolegea hapana, kamba za shingoni hapana.

#3 Tindo la Nusu

Wakuu, utepe wa msasa unakatwaje kama huna ule uliokatwa tayari? Nina rola la msasa wa nguo (wenye mgongo wa kitambaa) upana wa mm 75, ngoma ina kipenyo cha mm 127 na upana wa mm 400. Kila nikikata, ncha haikai sambamba na ukingo wa ngoma.

#4 pima_mara_mbili

@Tindo la Nusu hapo kuna hesabu kidogo. Mzingo wa ngoma yako ni 127 × 3.14, yaani karibu mm 399. Ule mkato wa mshazari ukishaviringishwa unatakiwa uzunguke ukingo wa ngoma mara moja kamili. Kwa hiyo urefu wa mkato wenyewe, ukiupima kwenye mshazari, ni mm 399. Ukiupima kwenye ukingo ulionyooka wa utepe unapata mm 392. Weka alama kwenye kona moja, pima mm 392 kwenye ukingo wa pili, unganisha alama mbili kwa rula, kata. Ncha ya pili inakatwa hivyo hivyo, mikato miwili iwe sambamba.

Urefu wa jumla: eneo la ngoma ni 399 × 400, gawanya kwa 75, unapata mm 2,128 upande mmoja wa utepe, kutoka kona hadi kona. Ongeza mm 392 za mshazari, jumla utahitaji karibu m 2.5 kutoka ncha hadi ncha. Kama ngoma yako ina vibanio vya chemchemi vya kushika ncha, usiache ncha iishie kama sindano. Ikate butu ili kibanio kipate pa kuuma, na uongeze sm chache za kuingia ndani. Utepe wa kwanza ukikubali, uhifadhi uwe kielelezo cha kukatia mingine yote.

Kuviringisha: anza upande wa nje, fuata mwelekeo uliochorwa kwenye ngoma, vuta huku unazungusha ngoma kwa mkono. Mzunguko mmoja usipande juu ya mwingine hata kidogo. Acha mwanya mwembamba, mm 1 hivi. Ukipandana, hapo patakuwa juu kuliko kwingine, patachimba mfereji kwenye mbao na msasa utakatika hapo hapo.

#5 Gundi Nyeupe

Na msasa mpya unalegea. Ukishapata joto la dakika chache za kwanza unarefuka, kwa hiyo zima, chomoa, gusa kwa kidole. Kibanio cha chemchemi kinavuta ulegevu wenyewe mpaka kifike mwisho wa njia yake. Kikishafika mwisho, lazima uviringishe upya.

#6 Mshipa wa Msaji

Kuhusu usambamba wa ngoma na meza, maana bila huo yote mengine ni kazi bure.

Chukua mbao mbili kutoka ubao mmoja, upana sm 5, urefu sm 40 hivi, zilizorandwa pamoja ziwe na unene ule ule. Moja ipite ukingo wa kushoto wa mkanda, nyingine ukingo wa kulia, ngoma ikiwa kwenye urefu ule ule bila kuguswa. Rudia mpaka msasa ufute kabisa mistari ya penseli uliyochora juu ya zote mbili. Kisha pima kwa kalipa, pointi tatu kila moja. Tofauti ikizidi mm 0.1 kwenye upana wa sm 40, rekebisha. Mashine nyingine ina skrubu ya kupandisha na kushusha upande mmoja wa ngoma, nyingine unaweka vibati vyembamba chini ya meza. Baada ya kila marekebisho kaza bolti zote ndipo upime tena, kwa kuwa kukaza kwenyewe kunasogeza.

Fanya jaribio hili ukiwa na msasa namba 80 ambao haujachakaa. Msasa uliokufa upande mmoja utakudanganya kwamba ngoma imeinama.

#7 Mbao Kavu

Nakubaliana, ila mashine iliyo wazi upande mmoja ina jambo lake. Ile unapitisha mbao ya sm 70 kwenye ngoma ya sm 40, kisha unaigeuza upite nusu ya pili. Kwa kazi hiyo ncha ya nje ya ngoma isiwe sambamba kabisa. Iwe juu kwa unene wa karatasi ya kuandikia, mm 0.1 hivi. Ikiwa chini hata kidogo utaona ngazi katikati ya mbao pale mipito miwili inapokutana, na ngazi hiyo ukiipitisha tena inahama tu, haiondoki.

#8 Mshipa wa Msaji

@Mbao Kavu sawa, lakini tuseme wazi: kwa mbao inayoingia yote chini ya ngoma, rudisha usambamba. Ukiiacha imeinuliwa utatoa mlango ambao ubao mmoja ni mnene upande mmoja. Mm 0.1 haionekani kwenye meza, lakini kwenye vipande vyembamba vya kubandikwa itaonekana.

#9 Paini Yenye Utomvu

Naomba msaada wa kusoma alama. Nikipitisha paini kwa namba 150 napata mstari mweusi mmoja mrefu, sehemu ile ile kila mbao. Pia kuna vijistari vidogo vya kukingama, vinaonekana mwanga ukipiga kwa ubavu.

#10 pima_mara_mbili

Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Mstari mweusi unaofuata urefu wa mbao ni utomvu au gundi iliyoganda kwenye msasa mahali hapo. Punje zimezibwa, hazikati tena, zinasugua tu na kuchoma. Tumia kipande cha mpira laini wa kusafishia msasa, kile kinachofanana na soli ya kreipu. Ngoma ikizunguka, kofia ya vumbi imefunguliwa pale ambapo mashine inaruhusu, kivuta vumbi kimewashwa, miwani machoni, gusa mpira taratibu huku ukiuhamisha kushoto na kulia. Ikishindikana, msasa wa nguo unaweza kulowekwa usiku mzima kwenye maji yenye sabuni ya kuondoa mafuta, ukasuguliwa kwa brashi na kukaushwa ukiwa umetandazwa. Wa karatasi ukiuloweka umeuharibu.

Tofautisha na mstari ulioinuka kwenye mbao. Huo ni mahali ambapo msasa umepoteza punje au umechanika. Na mfereji uliozama kwenye mbao ni kitu kinachotokeza kwenye ngoma: msasa uliopandana, au kidonge cha vumbi kilichojificha chini yake. Kuinuka, kuzama, kuungua: kila kimoja kina sababu yake, usitibu kimoja kwa dawa ya kingine.

Vijistari vya kukingama, pima umbali kati ya kimoja na kingine. Kama ngoma inazunguka mara 1,400 kwa dakika na mkanda unakwenda m 2 kwa dakika, basi 2,000 gawanya kwa 1,400 ni mm 1.4 kwa kila mzunguko. Vijistari vikiwa na umbali wa 1.4 au karibu, chanzo ni ngoma: si duara kamili, beringi imekwisha, au kuna uvimbe wa msasa. Umbali ukiwa mkubwa kuliko huo kwa mbali, tazama mkanda wa kupeleka: unateleza, unasita, au mnyororo wa kuuendesha una ulegevu.

Halafu paini kwa namba 150 tangu mwanzo ni kujitafutia. Anza 80, maliza 120, kilichobaki fanya kwa mashine ndogo ya mkono ya msasa wa duara. Ngoma inaacha mikwaruzo iliyonyooka hata iwe namba 180, na rangi ya mafuta itaianika yote. Kumalizia kwa mkono hakuepukiki.

#11 Gundi Nyeupe

Ongeza na hili: kwangua gundi iliyokauka kwenye maungio kabla hujapitisha. Gundi nyeupe inalainika kwa joto na kuziba msasa mpya kwa mpito mmoja. Na mbao mbichi vile vile, unyevu ukizidi asilimia 15 vumbi linakuwa kama unga wa kukanda.

Njia moja rahisi ya kupunguza kuziba ni kupitisha mbao kwa mshazari, digrii 15 hadi 30, ili mzigo usikae sehemu moja ya ngoma. Mpito wa mwisho tu ndio unyooke na nyuzi za mbao.

#12 Kasi Ndogo

Wadau, mimi napunguza mwendo wa mkanda mpaka chini kabisa ili uso uwe laini. Bado inaungua. Nipunguze nini tena?

#13 Mbao Kavu

@Kasi Ndogo ongeza mwendo, mkuu! Mbao ikikaa muda mrefu chini ya ngoma inapikwa. Kwa namba 120 kwenda juu, kata kidogo na uende haraka kidogo. Mwendo wa polepole uuache kwa namba za chini zinazoondoa unene mkubwa, na hata hapo mota ndiyo itakwambia: sauti ikianza kushuka, punguza mwendo au pandisha ngoma.

Mbao ikikwama usizime mkanda huku ngoma inazunguka. Ndani ya sekunde chache utakuwa na shimo la duara lililoungua. Zima ngoma kwanza, au ipandishe.

#14 Mshipa wa Msaji

Tusisahau rola za kukandamiza. Zinakaa chini kidogo kuliko ngoma pale ambapo hakuna mbao, na chemchemi zinaziruhusu kupanda mbao inapoingia. Zikiwa juu mno, mbao inateleza na inaweza kurushwa. Zikiwa chini mno au chemchemi zimekazwa sana, mbao inainuka pindi ncha yake inapoachwa na rola, na ngoma inakula zaidi sm chache za mwisho. Lile bonde la mwishoni mwa mbao wengi wanalolalamikia linatokea hapo.

Sababu yake ya pili ni mbao ndefu isiyopata tegemeo. Mbao ya m 1.5 ikitoka nyuma bila stendi ya rola, uzito wake unainua mkia. Stendi ziwe mbili, mbele na nyuma, na urefu wake ulingane na meza au uzidi kwa unywele. Vipande vingi vya unene mmoja vipitishe vikifuatana ncha kwa ncha. Bonde litaishia kwenye cha kwanza na cha mwisho tu, na hivyo viwili viwe vya kutupa.

#15 Vipande Vidogo

Na vipande vya sm 5 kwa sm 5 je? Vimeshakatwa.

#16 Gundi Nyeupe

Vibandike kwa tepu ya pande mbili kwenye ubao wa MDF (wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) wenye urefu wa sm 40 au zaidi. Pande mbili za ubao gundisha fito zenye unene sawasawa na vipande, zianzie kabla ya kipande cha kwanza kwa sm 10 na ziishie baada ya cha mwisho kwa sm 10. Rola zitakanyaga fito muda wote, hakuna kipande kitakachobaki peke yake. Kwa vipande vyembamba chini ya mm 3 tumia ubao huo huo, usivipitishe moja kwa moja juu ya mkanda.

#17 Waya Mwekundu

Upande wa umeme kwa ufupi. Mota ya kilowati 1.3 kwa volti 230 inavuta takriban ampea 8 ikiwa kazini, na mara kadhaa ya hizo inapoanza. Soketi ya ampea 16 inatosha kama kivuta vumbi kiko kwenye laini nyingine. Ekstensheni iwe ya waya wa mm² 2.5, iwe fupi, na ifunguliwe yote, isibaki imeviringwa. Waya mwembamba unashusha volti, mota inapata moto, na mtu analaumu msasa. Waya wa ardhini lazima uwe mzima.

#18 Vumbi Jepesi

Naona vumbi limetajwa kwa kupita tu. Mashine hii inatoa vumbi jembamba kuliko karibu mashine yoyote ya karakana. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 mwaka 1995, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa haichuji vumbi hili. Vaa FFP2 au N95, na usiivue mara mashine inapozimwa kwa kuwa lililo jembamba linaendelea kuelea. Mvule na msaji zina tabia ya kuwasha ngozi na koo hata kwa kiasi kidogo.

Kivuta vumbi: bomba la mm 100, feni ya mita za ujazo 1,000 hivi kwa saa. Kile cha kusafishia nyumba hakiwezi, kinajaa na kuziba kabla hujamaliza ubao mmoja. Tena vumbi lisiloondolewa linabaki kati ya msasa na mbao na kuongeza joto, kwa hiyo hata asiyejali mapafu yake ajali kazi yake.

Moto: pitisha sumaku au kigundua chuma kwenye mbao iliyowahi kutumika. Msumari mmoja unachana msasa na kurusha cheche moja kwa moja kwenye mfuko uliojaa unga mkavu. Cheche inaweza kufukuta humo kwa saa nyingi bila kuonekana. Ukishagonga chuma au kuunguza mbao, simamisha kazi, toa mfuko nje, umwage kwenye chombo cha chuma mbali na jengo. Na vumbi la kunoa chuma lisiingie kwenye kivuta vumbi hicho hicho.

Mbao yenye rangi ya zamani usiipitishe, rangi hizo mara nyingi huwa na madini ya risasi. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kijani ya shaba na aseniki vile vile.

#19 Tindo la Nusu

Asante kwa hesabu ya utepe, imekaa. Swali la mwisho: mkanda wa kupeleka mbao unahamia kulia polepole mpaka unakwaruza fremu.

#20 pima_mara_mbili

Kaza nati ya upande unaohamia, yaani kulia, robo mzunguko. Kisha iache izunguke dakika mbili tatu bila mbao, mkanda unachukua muda kuitikia. Kama nati ya kulia tayari imekazwa sana, legeza ya kushoto robo. Usiguse zote mbili kwa pamoja, hutajua ipi imefanya kazi.

Na mpangilio wa kuwasha, kwa wanaoanza: chomoa plagi, weka mbao chini ya ngoma, shusha huku unazungusha ngoma kwa mkono mpaka iguse kidogo sana, pandisha robo mzunguko, toa mbao, funga kofia. Chomeka. Washa kivuta vumbi, kisha ngoma, kisha mkanda. Mpito wa kwanza pengine hautagusa kitu. Shuka kidogo kidogo mpaka usikie inaanza kukwangua sehemu iliyoinuka kuliko zote, na kuanzia hapo ndipo uhesabu vipimo vya #1. Ukiwasha ngoma huku mbao iko chini yake, utaanza na mfereji.

#21 Tindo la Nusu

Nimekaza robo ya kulia, umesimama katikati. Nauangalia kwa dakika kumi bila mbao kwanza.